Maksai Wawili na Ijumaa Zangu

Nina mazoea ambayo mume wangu ameshindwa kuyazoea. Siku ya Ijumaa, ikifika saa tisa alasiri, mkono wangu wa kulia unaanza kutafuta kalamu. Naweza kuwa sokoni Namanyere nachagua nyanya, naweza kuwa kwenye harusi ya watu. Saa tisa ikifika najikuta naangaza huku na huku, natafuta mtu mwenye daftari nimwandikie jina langu. Tena sipandi chombo chochote chenye magurudumu kabla sijauliza ni cha nani. Vijana wa bodaboda pale stendi wananijua. "Dada, panda tu, pikipiki ni yangu, kadi hii hapa," mmoja wao huniambia kabla sijafungua mdomo, na wenzake wanaangua kicheko. Waache wacheke. Hawajawahi kushtakiwa kwa wizi wa ng'ombe.

Mimi nimewahi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na ng'ombe wenyewe walikuwa maksai wawili wa kulimia, pamoja na mkokoteni wao.

Kwetu ni kijiji cha kando ya barabara ya Namanyere, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Jirani yetu alikuwa mkulima hodari na mnywaji hodari zaidi. Siku za pombe ya ulezi alikuwa akiwaacha maksai wake wamefungwa nira nje ya kilabu, na akitoka huku miguu haimtii, anajitupa mkokotenini na kulala. Maksai walimpeleka nyumbani wenyewe, taratibu, mpaka mlangoni kwa mkewe. Nasi watoto tulikuwa na desturi yetu: ukitoka mashineni na ndoo ya unga kichwani, ukakuta mkokoteni umesimama pale, unapanda unamsubiri. Akitoka, mnakwenda wote, yeye anakoroma, wewe unapumzisha shingo. Hakuna aliyeomba ruhusa, maana mwenye kutoa ruhusa hakuwa katika hali ya kuitoa.

Siku ile nilipanda kama kawaida, mchana kweupe, nikaegemea ndoo yangu. Nilichosahau ni kwamba maksai wale wawili wa zamani walikuwa wamezeeka na kuuzwa. Hawa walikuwa wageni, wamenunuliwa wiki tatu tu zilizopita kutoka kwa mzee mmoja wa kijiji cha mbali, ng'ambo ya vilima viwili. Hawakujua adabu za kilabuni. Walimsubiri bwana wao kidogo, wakaona anachelewa, wakaamua kurudi nyumbani. Na nyumbani, kwa akili zao, kulikuwa kulekule walikozaliwa.

Mimi nilikuwa nimelala fofofo. Nilipoamka mkokoteni umesimama kwenye ua nisioujua, na mzee mmoja mwenye kofia ya sufu ananitazama, kisha anawatazama maksai, kisha ananitazama tena.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Binti, mmefuata nini?"

"Sijui, babu. Waulize hawa."

Mzee yule alikuwa mtu mwema. Alinipa viazi vya kuchemsha, akampigia simu jirani yetu amwambie kwamba ng'ombe wake wako salama na wana abiria. Simu haikupatikana. Akanipeleka ofisi ya kijiji chao, na hapo ndipo ubaya ulipoanza, ingawa chanzo chake kilikuwa kule kwetu.

Kule kwetu jirani alikuwa ametoka kilabuni na kukuta uwanja mtupu. Mtu mwingine angeuliza. Yeye alifikiria mkewe. Mkewe alikuwa amemwapisha, mbele ya picha ya Bikira Maria, kwamba maksai hawa wapya hawatapajua kilabuni. Basi akafika nyumbani na hadithi: amevamiwa kijitoni na wanaume watatu, wakubwa, wenye marungu, wamechukua kila kitu. Alidhani mkewe atalia yaishe. Mkewe hakulia. Alijifunga kanga kiunoni, akamshika mumewe mkono wa shati, wakaongozana mpaka kituo kidogo cha polisi, na yule bwana akajikuta anaandikisha maelezo huku mke anamkumbusha urefu wa yale marungu.

Askari aliyekuja kunichukua kule ofisi ya kijiji alinitazama kwa muda mrefu. Alikuwa na karatasi iliyosema wanaume watatu wakubwa. Mbele yake alikuwa na mtoto wa kike aliyepakaa unga mpaka kwenye kope.

"Wenzako wako wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha maksai.

Jambo hili lingeweza kuishia hapo kama jirani angesema ukweli. Hakusema. Kila akitaka kufungua mdomo, mkewe yuko pembeni. Na faili likishafunguliwa huwa haliachwi hivihivi, lazima liandikwe kitu mpaka ukurasa wa mwisho. Hivyo wale wanaume watatu wakapungua taratibu, wakawa wawili, wakawa mmoja, na yule mmoja nikawa mimi.

Kijijini walianza kuniaga. Walisema kuna shule ya maadilisho kule Mbeya, watoto wezi wanapelekwa huko, na wengine wakaongeza kwamba huko unalimishwa mpaka unasahau jina la mama yako. Sijui walizitoa wapi habari hizo, maana hakuna aliyewahi hata kufika Mbeya. Lakini mimi niliziamini zote. Niliogopa sana, na sioni haya kusema hivyo. Nililala kwa siku kadhaa nikiwa nimeshika pindo la kanga ya mama.

Siku ya mahakama nilivaa gauni langu la komunyo ya kwanza. Lilikuwa jeupe, na mama aliona weupe unasaidia. Lilikuwa pia la miaka mitatu nyuma, likanibana kwapani, kwa hiyo nilisimama mbele ya sheria nikiwa nimeinua mabega. Baba alivaa koti la kuazima. Nilitegemea kizimba, joho, na kelele. Kumbe mahakama ya watoto ni chumba cha kawaida chenye meza na viti, milango imefungwa, askari kavaa nguo za nyumbani, na hakimu kavaa sweta kama sisi wote, maana ilikuwa mwezi wa sita na baridi ya Ufipa haijali cheo. Niliona nimepunjwa.

"Mwanangu," hakimu akasema, "unadaiwa kuwachukua ng'ombe wa watu. Ni kweli uliwachukua?"

"Hapana, mheshimiwa. Wao ndio walionichukua mimi."

Hakimu alikohoa. Alikohoa kwa muda, mpaka akaletewa maji. Kisha akaniuliza kama nilipanda mkokoteni ule bila ruhusa ya mwenyewe. Ningeweza kusema hapana. Jirani mwenyewe alikuwa anatazama sakafu, hangebisha. Lakini nilikuwa nimevaa gauni la komunyo.

"Nilipanda," nikasema.

Baada ya hapo hakimu alisoma mambo mengi kwa sauti ndogo. Nilisikia "uangalizi", nikasikia "kuhudhuria shule bila kukosa", nikasikia "kila Ijumaa". Mengine sikuyasikia kwa sababu moyo ulikuwa unapiga mpaka masikioni. Baba aliulizwa kama ameelewa. Akasimama, koti likasimama baada yake, akasema ameelewa kabisa, mheshimiwa. Tukapewa karatasi yenye mhuri. Tulipofika nyumbani baba aliikunja mara nne, akaitia ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo, akafunga kwa kufuli. Kwetu karatasi ya mahakama ilikuwa haisomwi. Ilikuwa inahifadhiwa.

Kila Ijumaa, basi, nilikwenda mjini kuripoti kwa afisa ustawi wa jamii. Alikuwa mama mmoja mnene kutoka pwani, mlokole, asiyevua sweta mwaka mzima, na alizungumza habari ya baridi ya Sumbawanga kama mtu aliyeonewa. Mezani kwake kulikuwa na kaunta buku jeusi. Niliandika jina, tarehe na saa, kisha naye aliandika upande wa kulia: "Hali ya mtoto." Nilijifunza kusoma maandishi yake yakiwa kichwa chini. Yalisema: "Nzuri. Amechoka. Amepewa chai." Ijumaa nyingine: "Hali nzuri. Hesabu za sehemu bado." Maana hakuridhika na jina langu tu. Alitaka kuona madaftari yangu ya shule, yote, na nikikosea hesabu ananikalisha hapohapo nairudia mpaka ipatikane. Niliamini hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba ukiiba ng'ombe unafungwa kwenye hesabu za sehemu, nao wakaahidi hawataiba.

Na nilifikaje mjini? Kwa mkokoteni wa jirani. Mkewe alikuja kuujua ukweli wote pale yule mzee mwenye kofia ya sufu alipopita kusalimia na kuusimulia kwa nia njema. Sitaeleza yaliyompata jirani wiki ile. Hukumu aliyopewa na mkewe ilikuwa kwamba kila Ijumaa, akipeleka mahindi na maharage mjini, anipeleke mimi mshtakiwa wake na kunirudisha. Kwa hiyo mshtaki na mshtakiwa tulikwenda pamoja nyuma ya ushahidi, yaani wale maksai wawili. Mimi sikupanda hivihivi tena. Nilisimama chini, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani wa tatu, "Naomba ruhusa ya kupanda!" Naye anajibu, akiwa ameinamisha kichwa, "Panda, mwanangu." Nikiona kuna mtu hajasikia, narudia.

Sasa lazima nimlete shangazi. Dada mkubwa wa baba aliishi Kirando, ziwani, alikuwa na biashara ya dagaa. Mama yao alifariki baba akiwa mchanga, na shangazi, akiwa binti wa miaka kumi, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akamlea. Baba alikuwa hamkatalii dada yake kitu. Si kwamba aliona vigumu. Hakujua hata namna ya kuanza. Shangazi alikuja kila mwaka baada ya mavuno na magunia ya dagaa, akakaa wiki mbili, na akiondoka anaondoka na kitu. Aliondoka na redio. Mwaka mwingine aliondoka na baiskeli. Mwaka mmoja aliondoka na dada yangu mkubwa, akamsaidie kuanika dagaa kwa msimu mmoja tu. Dada yangu hakurudi shule. Aliolewa hukohuko akiwa bado hajamaliza kukua, na nilipomwona tena alikuwa na mtoto mgongoni na ananiita "wewe mtoto" ilhali tulikuwa tunalala kitanda kimoja juzijuzi tu. Nililia siku ile kwa hasira, na hasira hiyo ninayo bado.

Zamu yangu ilikuwa inakuja, kila mtu alijua. Shangazi alifika nilipokuwa nimemaliza darasa la saba. Nilikuwa nimefaulu. Alinigeuza mbele na nyuma kama anayechagua mtumba.

"Huyu amekomaa," akasema. "Nitakwenda naye Jumatatu. Sekondari itamfundisha nini? Dagaa hawasomi."

Mimi nilisimama pale nikamtazama baba. Baba alitazama miguu ya dada yake, kama kawaida. Halafu akashusha pumzi ndefu.

"Dada, ningependa. Mungu anajua ningependa. Lakini huyu ni mtu wa serikali."

"Mtu wa serikali vipi?"

"Ana kesi. Anaripoti kila Ijumaa. Asiporipoti, anakwenda Mbeya na mimi nakwenda ndani. Nimetia dole gumba, dada."

Shangazi aliitukana serikali kwa nusu saa, kwa Kifipa na kwa Kiswahili, na baba akaitukana pamoja naye, tena kwa sauti kubwa zaidi. Alisema ni serikali isiyo na utu, inayotenganisha mtu na damu yake. Sikuwahi kumsikia baba akiwa msemaji namna ile. Jumatatu shangazi aliondoka na jogoo. Mwaka uliofuata akaja tena, akauliza kama kesi imeisha. Haikuwa imeisha. Kidato cha pili haikuwa imeisha. Kidato cha tatu akauliza niliiba ng'ombe wangapi hasa.

Wakati huo kulikuwa na mambo mawili niliyoyaona nisiyaelewe. La kwanza, Ijumaa moja karibu na Krismasi ya mwaka ule wa kwanza, baba alinifuata mjini na debe la maharage. Aliniambia nikae kwenye benchi nje, akaingia kwa yule mama akiwa ameshika kofia mkononi. Walikaa muda. Alipotoka alikuwa anafoka: "Serikali hii haina huruma kabisa!" Lakini debe hakutoka nalo. La pili, baada ya siku hiyo lile kaunta buku jeusi lilitoweka, nikawa nasaini kwenye daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nilidhani serikali imeishiwa.

Nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne, mama wa ustawi aliniwekea daftari mbele, la nne au la tano, nikasaini. Akaandika upande wake, akalifunga. "Umemaliza kifungo chako," akaniambia. "Nenda, mwanangu, usirudi tena hapa." Nilitegemea kufurahi. Nililia mpaka akanipa sweta lake.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusema ukweli kupita kiasi. Kila fomu inayouliza kama umewahi kushtakiwa, mimi naandika "Ndiyo", na nafasi isipotosha naambatisha karatasi. Nilipoomba kazi ya masjala, ofisi moja hukohuko Namanyere, wale waliokuwa wananihoji walisoma fomu yangu mara mbili. Mwenyekiti wao akaniuliza, "Ng'ombe wawili?" Nikasema, "Na mkokoteni, mheshimiwa." Nilipata kazi. Baadaye mmoja wao aliniambia walikubaliana kwamba mtu anayekiri ng'ombe ambao hakuna aliyeuliza habari zao hawezi kuficha faili.

Mwaka huu, mwezi wa tano, nilihitaji cheti changu cha ubatizo. Nikaenda kijijini, baba akanipa ufunguo wa sanduku la bati. Karatasi ile ya mahakama ilikuwa palepale, imekunjwa mara nne. Mimi sasa nasoma karatasi za watu kutwa, siwezi kuiacha yenye mhuri hivihivi. Nikaikunjua.

Muda wa uangalizi: miezi sita.

Niliisoma tena. Nikahesabu kwa vidole, mimi niliyefundishwa hesabu za sehemu kwa amri ya mahakama. Nilikuwa nimeripoti miaka mitano na ushee. Nikapandwa na hasira, nikatoka nje na simu, nikampigia yule mama wa ustawi, amestaafu amerudi kwao pwani. Sikumaliza hata kumweleza. Alicheka mpaka akapaliwa. "Jamani, kumbe hukuambiwa mpaka leo? Muulize baba yako," akasema. "Mimi nilikuwa nanunua madaftari tu."

Baba alikuwa amekaa juani, anapukuchua mahindi. Nikamwekea karatasi juu ya magunzi.

"Baba, miezi sita."

Hakuitazama. "Eeh," akasema. "Nilisikia siku ileile. Hakimu alisema vizuri tu."

"Sasa?"

"Sasa nini? Dada alinibeba mgongoni. Ningemwambiaje hapana?" Akachukua hindi jingine. "Serikali hakuibeba."

Nikakaa kwenye gunia kando yake. Nikamkumbuka dada yangu kule Kirando, aliyeondoka kabla baba hajapata serikali ya kumsaidia. Nadhani naye alikuwa anamkumbuka, maana alipukuchua hindi lile mpaka likaisha na vidole vikaendelea.

"Kwa nini hukuniambia hata mimi?" nikauliza baadaye.

"Wewe?" Hapo ndipo alipoinua macho. "Mtoto aliyeulizwa na hakimu, na angeweza kukana, akakiri? Shangazi yako angekuuliza mara moja tu."

Binti yangu wa miaka kumi, niliyekwenda naye, alikuwa anakimbiza kuku uani. Baba alimtazama, akaikung'uta ile karatasi makapi, akanirudishia.

"Irudishe sandukuni," akasema. "Dada anakuja Jumamosi."

Nikaikunja mara nne. Nikaiweka chini kabisa, chini ya gauni jeupe la komunyo, ambalo sikujua kama walilitunza, nikafunga kufuli. Ufunguo nikamrudishia baba.